Vitabu vya ami vimefungiwa viazi vya karai, nitamtazamaje?

Asalaam aleikum Bi Mwalimu, na shikamoo.

Mimi ni msomaji wako wa siku nyingi huku Amu, yaani Lamu mjini, kila wiki nasoma shida za watu nasema hawa nao, leo zamu imenifika mimi. Nisome mpaka mwisho tafadhali manake ni ndefu, na hapa mtaani kila nkianza kumweleza mtu anacheka kabla sijamaliza.

Nna miaka 26. Nlimaliza koleji Mombasa nkarudi nyumbani, kazi ya maana sijapata, jioni nafundisha tuisheni watoto wa hapa Langoni. Mwaka jana nkaona hawa watoto hawana kitu cha kusoma ila vitabu vya shule na simu za mama zao, nkasema nianzishe maktaba ndogo, ya bure. Khalati yangu ana chumba cha chini kilikuwa kinawekwa makuti na madebe tu, akanambia chukua mwanangu, upate thawabu na mie nipate. Fundi seremala akatugongea rafu mbili kwa mbao za kuokoteza, tukawa volantia sita, furaha tele. Nkaandika kwa gruupu la familia na lile la tuliosoma pamoja, "tunaomba vitabu vya maktaba, chochote ulicho nacho tutapokea kwa moyo mkunjufu."

Bi Mwalimu, hiyo "chochote" ndiyo ilonimaliza.

Vitabu vilikuja. Katoni kumi na nne zilishuka kwa basi mpaka Mokowe, zikavuka kwa boti, kutoka gatini zikaja kwa punda wawili safari tatu, nauli yote nlitoa mimi kwa pesa za tuisheni. Kufungua sasa. Katoni tatu nzima ni vitabu vya kudurusu KCPE, ule mtihani wa darasa la nane, vishajazwa majibu kwa penseli. Mbili ni riwaya za Kitaliano, nadhani za wageni walosahau hotelini Malindi, hakuna hata mmoja wetu anayeweza kusoma jina la juu. Kuna kitabu cha namba za simu cha enzi za simu za waya, na hicho mtu alikifunga kabisa kwa karatasi ya zawadi. Kuna kitabu cha jinsi ya kuendesha gari kwenye theluji. Amu! Gari! Theluji! Vya hadithi za Kiswahili vya watoto nlivihesabu, vilikuwa kumi na tisa.

Na kuna vya ami.

Ami ni kaka yake marehemu baba, na tangu baba afe yeye ndiye baba. Alikuwa karani bandarini Mombasa miaka mingi, kazi yake kuhesabu mizigo inayoshuka melini, na huko ndiko alikonunua seti nzima ya ensaiklopidia ya mwaka 1982, majalada mekundu na herufi za dhahabu, alilipa kidogo kidogo kila mwisho wa mwezi mpaka akamaliza. Kila kitabu ukurasa wa kwanza kaandika jina lake kwa wino wa kijani. Alivileta mwenyewe, katoni nne, hakutaka punda, alimwita hamali na yeye akatembea nyuma yake mpaka mlangoni.

Nkaviweka chini kando ya ukuta manake rafu zilikuwa zishajaa. Mvua za Mei zikaja. Ukuta ukanywa maji, na nlipokuja kufungua, katoni mbili za chini zilikuwa zimeota kuvu, kurasa zimeshikana kama mkate wa sinia, harufu mpaka nje. Nkaona haya. Nkasema aibu hii bora niimalize kimya kimya, nkamwambia kijana anayetusaidia chukua hizi mbili na zile za KCPE nenda katupe. Yeye akaona kutupa ni hasara, kuna kurasa zilikuwa kavu bado, akazichambua akamuuzia mama wa viazi vya karai pale kwenye kona, shilingi mia.

Siku ya tatu ami katoka kuswali magharibi, kanunua viazi. Vimefungwa kwa jina lake.

Alikuja moja kwa moja maktaba, watoto wamejaa. Hakusema neno. Aliiweka ile karatasi juu ya meza, na mafuta yake na ukwaju wake, wino wa kijani umetanuka lakini jina lasomeka, akageuka akaenda zake. Tangu siku hiyo salamu yangu aitikia kwa kidevu. Nyumbani washaanza kusema ati nimetupa baraka za wazee, wengine wanasema maktaba yenyewe nlikuwa natafuta sifa.

Na si hilo tu. Vitabu 43 vimeazimwa havijarudi, na vile kumi na tisa vyote vimo humo. Volantia sita tumebaki wawili. Khalati naye ameanza kusema kile chumba wageni wa Maulidi wangekilipia vizuri.

Nirudishe vitabu vyote rafuni hata vilooza ili ami apoe? Nifunge? Na mtu akija na katoni mlangoni namkataaje bila kuonekana najiona?

Mwenye Funguo, Langoni



Waaleikum salaam, marahaba mwanangu.

Nlicheka mpaka pale kwenye theluji, nlipofika kwenye viazi nkaacha. Manake nayajua hayo. Miaka yangu ya kufundisha huku Malindi nlipewa niangalie maktaba ya shule, tukaletewa shehena ya vitabu vya msaada, nusu yake ovyo, nkavijaza stoo ya majembe nkavisahau. Siku moja wafadhili wakatokea bila taarifa wanataka kupiga picha na vitabu vyao. Mwalimu mkuu jasho lamtoka, watoto wa darasa la saba wakapewa vitambaa, tukawa twafuta mavi ya popo kwenye majalada huku wageni wanakunywa soda ofisini. Kwa hivo hapa huna wa kukucheka.

Tuanze na ami, hayo mengine yote yangoja.

Kuvitoa vile vitabu hukukosea. Kitabu chenye kuvu hakikai na wenzake, chawaambukiza, na mtoto mwenye pumu akikifungua usiku wake mama halali. Ila ami hakukasirikia kuvu. Mshahara wa karani, nyumba ina watoto, na bado kila mwisho wa mwezi anakatwa kwa sababu anataka nyumbani kwake kuwe na vitabu. Ile miaka ndiyo alokuletea akitembea nyuma ya hamali. Wewe ukaiweka chini kando ya ukuta. Msamaha uuombee hapo, kwenye ukuta, viazi vilikuja baadaye. Ungemwita wiki ile ile, ami njoo uone mvua imefanya nini, angesikitika, mngechambua pamoja, yaliyooza angeyatoa kwa mkono wake mwenyewe. Ulificha, na ulichoficha kikauzwa shilingi mia.

Kwa hivo mwendee. Usimfuate barazani mbele ya wazee wenzake, usimtume khalati akusemee, na kumwandikia kwa simu usithubutu. Nenda nyumbani kwake wakati yuko peke yake, ukae chini, useme ami nimekosa, nliviweka pabaya vikaharibika nkaona haya kukwambia. Basi, nyamaza hapo. Ukianza habari za rafu kujaa na mvua kuzidi umeharibu, na ukimtaja yule kijana umeharibu zaidi, kwani mwenye funguo nani? Akikutolea neno kali meza. Akinyamaza nawe nyamaza. Mahamri ukitaka kubeba beba, lakini usiyatangulize, mtu asione anahongwa.

Sasa nisikize vizuri, manake kuna jambo kwenye barua yako umelipita mbio mbio kama si kitu. Umesema ami alikuwa karani wa kuhesabu mizigo melini. Mwanangu! Una mtu kama huyo kwenye familia na rejista huna? Maana ungekuwa nayo ungeniandikia vimeingia vitabu vingapi, wewe wanambia katoni kumi na nne. Kazi ya karani wa tali ni kusimama gatini na daftari, kila mzigo unaoshuka auandike alama yake, namba yake, umefika mzima au umepasuka, na uliopasuka unaandikwa pale pale kabla mtu hajatia sahihi, ukishaingia gudauni ndipo watu waanza kulaumiana. Maktaba ni hivo hivo. Nunua kaunta buku moja kubwa, lile la jalada gumu, mchoree mistari: namba ya kitabu, tarehe kilipoingia, jina la kitabu, mwandishi, kimetoka kwa nani, hali yake, na safu ya mwisho wazi ya kuandika kimetoka lini na kwa nini. Ile safu ya mwisho ndiyo ingekuokoa wewe. Kitabu cha ami kingeandikwa "kimeharibika na maji, mwenyewe kaambiwa" na hakuna mtu angeweza kusema umetupa kisirisiri.

Usimwombe siku ile ile ya msamaha, ataona ndicho ulichofuata. Ngoja wiki. Kisha umwambie ami vitabu vimeingia holela na sijui kuviorodhesha, nakuomba uje unionyeshe. Mimi ami simjui, lakini makarani wa zamani nawajua, hawezi kuona mzigo haujahesabiwa akalala. Na mhuri mtengeneze, hautoki ghali, mgonge kwenye ukurasa wa jina na ukurasa mwengine mmoja wa siri mlokubaliana, tuseme wa 17, manake mtu akitaka kujimilikisha kitabu huchana ule wa kwanza tu.

Ensaiklopidia yenyewe. Zile katoni mbili zilobaki usizirudishe rafuni kwa kumwonea ami haya. Kitabu cha 1982 Muungano wa Kisovieti bado upo, na ulivunjika 1991. Sudan ni moja, Sudan Kusini imejitenga 2011. Kenya kwa hesabu ya 1979 ilikuwa watu milioni 15 na kitu, hesabu ya 2019 ni milioni 47 na nusu hivi, sasa mtoto wa gredi ya sita akinakili ile ya kwanza kwenye projekti yake mwalimu atampa yai. Yule bingwa wa maktaba wa India, Ranganathan, mwaka 1931 alitoa kanuni tano na ya kwanza kabisa yasema vitabu ni vya kutumika, hivo kitabu kinachompotosha mtoto hakina nafasi kwenye rafu mbili ulizonazo hata kiwe na dhahabu. Ila nyangumi hajabadilika, wala moyo wa binadamu, wala jinsi mwezi unavyovuta maji. Chagua viwili vitatu vyenye picha nzuri, uviweke kwenye kidaka cha ukutani na kibao cha karatasi, "Dunia ilivyokuwa mwaka 1982", na siku moja moja ami awakalishe watoto mkekani awaulize nchi gani humu haipo tena. Watapigana kujibu. Vilivyobaki vikaushe uvipanguse umrudishie kwa mkono wako, na kimoja chenye jina lake kisafi kabisa umpelekee ile siku ya kwanza.

Za KCPE tushamaliza, mtihani wenyewe wa mwisho ulifanywa 2023, haupo. Kama kuna vilobaki, vya hisabati viache vichache, kugawanya ni kugawanya, futa penseli. Vyengine vyote viende, na safari hii wewe mwenyewe uone vinakwenda wapi. Riwaya za Kitaliano ni mali hizo, hujui tu. Nenda kwenye nyumba za wageni Shela, uwaambie una vitabu vya Kitaliano vya wageni kusoma ufukweni, wanunue au wabadilishe na chochote cha Kiswahili, au watie mchango kidogo kwenye kopo. Cha namba za simu sina la kusema. Kiweke mlango usijifunge na upepo.

Hadithi za Kiswahili, hapo ndipo penye njaa na hapo sikulaumu, watu hawatoi wasivyo navyo. Usikae ukingoja katoni. Kuna tovuti ya African Storybook ina hadithi nyingi za Kiswahili za watoto, fupi, zina picha, na leseni yake ni wazi, unaruhusiwa kupakua na kuchapisha bila kuomba mtu. Chapisha saiberi, karatasi mbili tatu kukunja, piga stepla katikati, jalada la manila, ushapata kitabu. Wakubwa wa tuisheni wapake rangi picha. Vikichanika hulii, wachapisha tena.

Sasa mlangoni. Shida ni lile neno "chochote", ushaufuta ujumbe wa zamani? Futa, uandike mwengine leo. Mie ningeandika hivi: "Maktaba yetu yahitaji hadithi za Kiswahili za watoto, vitabu vya gredi ya kwanza hadi ya tisa vya mtaala wa sasa, kamusi, na vitabu vya dini vilivyo salama. Tafadhali tupigie picha kwanza kabla hujatuma. Kisichotufaa tutampa anayekihitaji, ukitaka urudishiwe tuambie mapema." Picha kwanza, shika hilo hata ukisahau mengine yote. Mtu akipiga picha mwenyewe anaona kitabu hakina jalada anaona aibu anakirudisha ndani, wewe hujasema hapana. Na nauli ya Mokowe anatoa mwenye kutuma. Anayekujia mlangoni na katoni kichwani mpokee, mpe maji, ufungue mbele yake, hivi twachukua hivi havitatufaa, akubebee avirudishe, saa hiyo hiyo, na ami yuko pale na kalamu yake. Wewe huna haja ya kusema kitu, karani ashasema.

Na kuna mlango mwengine hukuuliza lakini utakufika, nao ni wakfu. Mji wenu ni mji wa vitabu tangu zamani, ile miswada ya mkono iliyoko Msikiti Riyadha imepigwa picha kwa mradi wa British Library ikawekwa mtandaoni, na kuweka kitabu wakfu ni jambo la watu wa Amu tangu mababu. Sasa mzee akikuletea kitabu kaandika ndani "wakfu", hapo mambo yamebadilika, hicho huwezi kukiuza wala kukibadilisha na riwaya ya mtu wala kukitupa kikichakaa. Muulize mwenyewe kwa upole, je mzee, ni wakfu au ni sadaka tukitumie tuonavyo? Kama ni wakfu na huna uhakika wa kukitunza, mwelekeze msikitini au chuoni, kwenye chuo cha Kurani. Misahafu iweke kidakani juu, peke yake, na iliyochanika usiitie kwenye takataka wala karibu na takataka, mpelekee imamu anajua namna ya kuihifadhi. Fikiria zile karatasi za viazi zingekuwa za msahafu. Mimi nlipofikiria hapo nywele zilisimama.

Ukuta huo wa mawe ya matumbawe na chokaa utakunywa maji maisha yako yote, hukuujenga wewe. Rafu ziwe mbali nao vidole vinne, hewa ipite nyuma. Ubao wa chini kabisa uinuke shubiri kutoka sakafuni, na kitabu chochote kisikae chini wala ndani ya katoni, wala usikivalishe nailoni ukidhani wakilinda, unakipikia kuvu. Miguu ya rafu itie kwenye makopo ya oili chafu, ile ya injini za boti, mchwa asipande. Usivibane vitabu kama abiria wa matatu. Kaskazi ikivuma, Disemba mpaka Machi, fungua mlango na dirisha upepo upite, kikinyeshewa kitabu kisimamishe kurasa zimetawanyika kama pepeo, mahali pa kivuli penye upepo, usikianike juani kinajikunja, na uwahi, siku mbili tu kuvu washaanza.

Vidudu je, vile vya rangi ya fedha vinavyokimbia ukifungua kitabu? Usipulize dawa, watoto wanashika vitabu kisha wanashika midomo. Friza. Kitie kitabu ndani ya mfuko wa nailoni, toa hewa, funga kabisa kwa teipu, uombe nafasi kwa mwenye friza la samaki, digrii 18 chini ya sifuri, wiki mbili. Ukikitoa usifungue mfuko mpaka baridi yake iishe, siku nzima, la sivyo kinatoka jasho kinalowa. (Ukiandika juu "KITABU" itakusaidia, nlimpa jirani yangu hapa kimoja, mkewe akakiweka nje kiyeyuke ampikie.)

Hivo 43 visikuume sana. Vingine havitarudi, weka hilo moyoni. Ila usipite nyumba kwa nyumba, utagombana na mama za watu na mtoto ndiye atakayekatazwa kuja. Tangaza wiki moja ya kurudisha, hakuna maswali hakuna faini, atakayerudisha achague kipya kabla ya wengine. Waambie watoto wenyewe, wao wanajua kitabu gani kiko chini ya kitanda cha nani. Faini usiweke kabisa, shilingi kumi kwako ni ndogo, kwa nyumba nyingine ni sababu ya kusema usiende tena. Baada ya hapo daftari la kuazima liwe na namba ya kitabu, jina la mtoto, simu ya mzazi, tarehe ya kurudi, siku kumi na nne, na kitabu kimoja kimoja mpaka mzoeane. Na usihangaike na zile namba za Dewey mtu atakazokwambia, ni mfumo mzuri wa kupanga vitabu wa tangu 1876 lakini kwa maktaba ya rafu mbili ni kumvalisha mtoto joho la babake. Teipu ya rangi mgongoni yatosha, nyekundu hadithi, kijani shule, buluu dini, mtoto wa miaka mitano atakurudishia kitabu mahali pake.

Khalati usimlaumu, chumba ni chake na Maulidi ni pesa. Muulize wazi anataka nini, labda ni siku zile chache za wageni tu, basi siku hizo vitabu hamsini vitieni kwenye sanduku mkae kwenye daka la mlangoni la nyumba nyingine. Garissa vitabu vinabebwa na ngamia tangu 1996, punda wa Amu atashindwa na sanduku moja? Mkikubaliana andikeni karatasi, hata ukurasa mmoja, wote mtie sahihi, kwani leo khalati yuko hai kesho ni warithi. Na volantia wanne walokimbia, mie sioni ajabu, mliwaita kupanga vitabu vipya wakajikuta wanabeba katoni zenye harufu. Waite tena kila mmoja siku yake moja kwa wiki, saa moja na nusu, watoto wakitoka chuoni, asiyeweza aseme. Mkifika kumi kajiandikisheni kikundi kwa ofisi ya maendeleo ya jamii, sheria ya 2022 yataka watu wasiopungua kumi, hapo hata wafadhili wa kweli watawaona na funguo haitakuwa ya mtu mmoja.

Kufunga usifunge. Umesema mwenyewe ami alipoingia watoto walikuwa wamejaa.

Lakini leo, kabla ya yote haya na kabla hujafika kwa ami, pita kwa mama wa viazi. Mpelekee magazeti ya zamani, mengi kuliko aliyonunua, na shilingi mia yake, umwombe karatasi zote zilobaki. Zipitie moja moja pale pale ukiangalia wino wa kijani. Uende mapema, alasiri anakuwa ashawasha jiko.